Fundi sauti aliyeshukiwa kuuza siri ya wataalamu wa barafu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, ukumbi mkubwa wa mikutano bado haujaingia mtu. Viti mia tano viko tupu vinatazama jukwaa. Yumo mtu mmoja tu, amepiga magoti kwenye zulia mbele ya sanduku refu la mbao, na anahesabu.

Anahesabu viredio. Ni vile vipokezi vidogo ambavyo mgeni huvaa shingoni, akaweka kisikilizio sikioni na kumsikia mkalimani akimtafsiria yanayosemwa jukwaani. Viko mia mbili na arobaini, kila kimoja na namba yake na kitundu chake ndani ya sanduku. Anafika mwisho, anashusha pumzi, kisha anaanza tena kutoka moja.

Hii ni mara ya tatu asubuhi hii.

"Nilikuwa nahesabu mara moja tu," anasema bila kuinua kichwa. "Tangu jana hata mimi mwenyewe sijiamini."

Halafu anainuka, anamtazama mwandishi wa makala haya kuanzia viatu hadi nywele, na kumuuliza swali ambalo ameshamuuliza kila mtu mwenye kalamu mkononi wiki hii: "Wewe ni wa gazeti gani?"

Akioneshwa kitambulisho anakipokea, anakigeuza nyuma, anakisoma mpaka anuani iliyoandikwa kwa herufi za sisimizi. "Siyo lile," anasema hatimaye. "Haya, kaa. Usiguse waya."

Wenzake kazini wanamwita Kimya. Ana umri wa miaka hamsini na miwili, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa fundi sauti wa ukumbi huu. Ndiye anayepanga vipaza sauti mezani, kisha anapanda kukaa katika chumba cha vioo nyuma ya ukumbi, mbele ya mtambo wenye vitufe vya kupandisha na kushusha. Mzungumzaji akinong'ona, anampandisha. Akifoka, anamshusha. Akisahau maiki ya kifuani ikiwa wazi na kuanza kumsema mwenzake vibaya, Kimya anaizima kabla aibu haijafika kwenye spika.

"Kazi yangu ni kusikiliza sauti, siyo maneno," ndivyo alivyozoea kujitapa. "Waziri au mchekeshaji, kwangu ni mawimbi tu."

Hayo alikuwa akiyasema hadi Jumatano ya wiki hii.

Wiki hii ukumbi umekodiwa na wanasayansi wa barafu. Ni watu wanaoishi miezi kadhaa kila mwaka kwenye ncha za dunia, wanatoboa barafu, wanapima unene wake, na kurudi kueleza ni kiasi gani imeyeyuka na maji yake yanaelekea wapi. Wamekuja zaidi ya mia mbili. Siku ya kwanza, anasimulia Kimya, wageni hao waliozoea baridi ya kugandisha mate walimtuma mjumbe kuomba kiyoyozi kipunguzwe kwa sababu wanasikia baridi. Fundi wa viyoyozi alicheka mpaka akakaa chini.

Kicheko hicho hakikufika Alhamisi.

Jumatano, saa nane mchana, kulikuwa na kikao cha faragha. Walibaki watu thelathini na wanane: wanasayansi wakubwa na maofisa wawili wa jiji. Simu zote zilikusanywa mlangoni kwenye kikapu. Waandishi wa habari walitolewa, wakaenda kujibanza kwenye mkahawa wa chai ulio upande wa pili wa ukuta. Nje ya wale thelathini na wanane, walioruhusiwa kusikia ni watatu tu: wakalimani wawili ndani ya kibanda chao, na Kimya ndani ya chumba chake cha vioo.

Kilichojadiliwa ni ramani. Ilioneshwa kwenye pazia kubwa, ikiwa na mstari mwekundu unaoonesha maji yatakapofika pwani ya jiji hili iwapo barafu itaendelea kuyeyuka kama walivyoipima. Wengine walitaka ramani iingie kwenye tamko la mwisho la mkutano. Wengine walikataa. Mwenyekiti wa kikao, profesa mwanamke mwenye nywele nyeupe aliyetoboa barafu maisha yake yote, akasema kwa lugha ya kigeni sentensi ambayo mkalimani aliwatafsiria wale maofisa hivi: "Tukiitoa ramani hii leo, watu watauza viwanja kesho asubuhi."

Kesho asubuhi yenyewe, sentensi hiyo ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa gazeti moja. Neno kwa neno, na kwa Kiswahili kile kile cha mkalimani. Ni viwanja vya wapi, gazeti halikusema.

"Nililiona gazeti kituo cha basi," anasema Kimya. "Nikasema na moyo wangu, leo kuna mtu ataliwa. Sikujua ni mimi."

Meneja wa ukumbi ni mama mpole asiyepandisha sauti, na fundi anasema upole huo ndio uliomtisha. Alimkuta ameketi ofisini, gazeti limekunjwa mbele yake, mlango ameuacha wazi ili wapita njia wasikie.

"Fundi, nani ameuza maneno haya?"

"Sijui, mama."

"Wakalimani wamekula kiapo. Wageni simu zao zilikuwa kwenye kikapu. Maofisa ni maofisa. Umebaki wewe na mitambo yako ya kurekodi."

Wakubwa hawakushukiwa hata kwa dakika moja, na Kimya anataka hilo liandikwe. Yeye alitakiwa kufungua begi lake la zana, kisha kabati, kisha kumbukumbu ya mtambo, ambayo ilionesha kwamba Jumatano mchana haikurekodiwa hata pumzi. Mwishowe meneja akanyoosha mkono.

"Simu."

Aliitoa bila wasiwasi. Ilikuwa safi, anasema, haina namba ya mwandishi yeyote wala pesa iliyoingia. Lakini meneja alipekua mpaka akafikia ujumbe mmoja, akausoma kwa sauti ile ile ya chini: "Dalali, nitafutie mteja wa kile kiwanja. Haraka. Bei tutaongea."

"Umetuma saa kumi na nusu jana," meneja akasema. "Kikao kimeisha saa kumi. Na kiwanja chako kiko wapi, Fundi?"

Kiko kati ya daraja la zamani na mashamba ya chumvi. Kiko ndani kabisa ya mstari mwekundu.

Mtu aliyejitapa miaka kumi na tisa kwamba hasikilizi maneno alikuwa amekamatwa ameyasikia, ameyaelewa, na ameyafanyia kazi ndani ya nusu saa. Nani angemwamini kwamba ameyasikia lakini hakuyauza?

Meneja hakumwamini. Alimpa hadi saa kumi jioni, wamiliki wa ukumbi watakapofika. Asipoweza kueleza maneno yametokaje, angeondoka siku hiyo hiyo, na barua ya kumfukuza ingetaja sababu. Katika kazi hii, barua ya namna hiyo ni kifo. Kumbi za mikutano jijini hazizidi tisa na mameneja wake wanapigiana simu. Hakuna anayemkabidhi chumba cha vioo mtu anayesemekana kuuza siri.

Nyumbani nako hakuna akiba ya kujidai nayo. Mshahara wake, kwa hesabu za mkewe, unaishia tarehe ishirini na mbili ya mwezi. Siku zinazobaki zinazibwa na cherehani ya mkewe, anayeshona sare za shule. Binti yao mkubwa yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi.

Basi Kimya akatoka ofisini na kuanza kushuku watu. Anasimulia hayo bila kujionea huruma. Alimshuku mkalimani wa kiume kwa sababu alikuwa amevaa viatu vipya. Alimfuata mpaka msalani, akasimama nje akisikiliza kama anapiga simu. Alimshuku mlinzi wa mlangoni kwa sababu alimsalimia kwa uchangamfu kupita kiasi, kisha akamshuku mfagizi kwa sababu hakumsalimia kabisa.

"Nilifika mahali nikaishuku redio ya jikoni," anasema.

Labda huko kushuku redio ndiko kulikomwokoa, kwa kuwa hapo alikumbuka kiredio namba sitini na moja.

Jumatano jioni alipohesabu, kiredio hicho hakikuwamo. Hakuhangaika. Wageni wa mikutano wana tabia ya kutoka na viredio shingoni kama watoto na kamasi zao, na kesho yake vinarudi kutoka kwenye mabegi, mahotelini, chini ya mito. Kimoja mwaka juzi kilirudi kimelowa maji ya bwawa la kuogelea. Aliandika kwenye daftari "61 hakipo", akaenda nyumbani.

Sasa alilifungua daftari ambalo kila mgeni husaini anapochukua kiredio. Namba sitini na moja ilichukuliwa Jumatano asubuhi. Saini ilikuwa ya profesa mwenyewe, mwenyekiti wa kikao.

Alimkuta kwenye ngazi, akamsalimia, akamwambia shida yake bila kuzunguka. Profesa alizaliwa nchi ya joto kama hii na Kiswahili anakizungumza vizuri. Alifungua mkoba, akatoa miwani, leso, karatasi za mihadhara na biskuti nusu. Kiredio hakikuwamo.

"Sikukihitaji kwa kutafsiriwa," alimwambia. "Wakalimani waliniomba niwasikilize asubuhi, kama wanatofautisha barafu ya baharini na barafu ya nchi kavu. Nilikuwa nacho mpaka wakati wa chakula. Nilikivua nile."

"Ulikivulia wapi, mama?"

"Mkahawani."

Wakaenda wote wawili. Mama anayeuza chai hapo alinyoosha mkono kwenye rafu, katikati ya kopo la sukari na kopo la majani, akakitoa.

"Ni chako hiki, Fundi? Nilikuwa nasubiri uje kukiulizia. Kimeshinda mezani jana kinanong'ona peke yake kama mtu anayesali, mpaka kikanyamaza."

Kimya akakigeuza mkononi. Kilikuwa kwenye chaneli ya Kiswahili, gurudumu la sauti limezungushwa mpaka mwisho, betri imekufa. Profesa akajishika sikio. Miaka mingi ya kusimama kando ya mashine za kutoboa barafu imemwachia sikio zito, na kila kiredio anachovaa anakipandisha mpaka mwisho.

Mama wa chai alieleza mengine bila kuulizwa. Waandishi waliotolewa ukumbini walikaa meza ile ile. Walikuwa wanapiga soga na kudaiana chai. Ghafla mmoja wao akawatuliza wenzake kwa mkono, na wote wakainamia katikati ya meza.

"Nikadhani mtu amedondosha pete," alisema. "Chai yao ikapoa mpaka ikaweka utando, hakuna aliyegusa. Nikajua tu kuna jambo. Watu wale hawaachi chai."

Kosa lenyewe ndilo hilo. Watu wenye vyombo vya kupima barafu unene wa kilomita walikusanya simu thelathini na nane kwenye kikapu na kufunga milango miwili, na hakuna aliyekumbuka kwamba kiredio hupokea mawimbi, na mawimbi hayaombi ruhusa ya ukuta.

Lakini meneja hakukubali maneno matupu. Alikwishadanganywa na mafundi wengi katika maisha yake, alisema, na mama wa chai ni rafiki wa fundi. Alitaka kuona kwa macho yake.

Saa tisa alasiri, wageni wakiwa kwenye mapumziko, kiredio kikawekwa betri mpya na kurudishwa juu ya meza ile ile ya mkahawani. Meneja akakaa. Profesa akakaa. Mama wa chai akasimama na sinia. Milango ya ukumbi ikafungwa, na mlinzi akawekwa hapo kuhakikisha. Ndani akabaki Kimya peke yake, jukwaani, akiwa ameielekeza sauti kwenye chaneli ya Kiswahili, mbele ya maiki ambayo kwa miaka kumi na tisa ameiambia moja mbili, moja mbili.

"Niliigonga maiki kwa kidole," anasema. "Najua kupandisha sauti za watu wote. Yangu sikuwa najua inaanzia wapi."

Waliokuwepo mkahawani wanasimulia kwamba kwanza kilisikika kikohozi. Kisha sauti ndogo, kavu, ikatoka kwenye visikilizio vilivyolala mezani, na kila neno lilisikika: "Mama meneja, kama unanisikia, mimi siyo mwizi. Nimeumia sana. Ulinisema mlango ukiwa wazi. Naomba na unisafishe mlango ukiwa wazi."

Meneja alikwenda mwenyewe kufungua milango ya ukumbi.

Alimwomba radhi mbele ya wafanyakazi kumi na wawili. Profesa naye aliandika barua ya kukiri uzembe wake, akaisaini, akampa fundi nakala. Kimya ameikunja mara nne na anatembea nayo mfukoni. Alimwonesha mwandishi huyu, ila hakumwachia aishike.

Jambo moja lilibaki likielea, na mwandishi alimuuliza asubuhi ile ya Ijumaa, wakati fundi amemaliza kuhesabu viredio vyake: ule ujumbe kwa dalali je?

Kimya alianza kufuta maiki kwa kitambaa. Alifuta nne. "Njoo nyumbani kesho," akasema.

Mchana huo tamko la mwisho lilisomwa. Lilikuwa na kurasa sita, na ramani haikuwamo. Mahali pake paliandikwa kwamba maeneo ya chini ya pwani "yatahitaji uangalizi". Fundi wa mitambo ya picha, aliyekaa naye chumbani, anasema Kimya alilisikiliza tamko lote mikono ikiwa imelala pajani, na mara mbili sauti ya msomaji ilipotea akasahau kuipandisha.

Profesa alipoulizwa kuhusu ramani hiyo hakukwepa. "Mstari ule tumeuchora kwa vipimo vya misimu miwili," alisema. "Tunahitaji mmoja zaidi. Nikikosea nusu kilomita, nimefukuza watu kwenye nyumba zao kwa uongo. Mwakani nitaitoa, kwa jina langu."

Maneno ya kueleweka. Lakini Kimya, aliyesimama karibu akikunja waya, alipomwona ameondoka alisema chini chini: "Mwakani kwake ni msimu mmoja. Mwakani kwetu mtu ameshapiga msingi, amesimamisha ukuta, amekopa mabati."

Jumamosi, saa tatu asubuhi. Fundi anaishi kwenye vyumba viwili vya kupanga. Cherehani ya mkewe imekaa dirishani, inakula nusu ya chumba cha mbele, na vitambaa vya sare vimerundikwa mpaka usawa wa kidirisha. Juu ya meza kuna karatasi tatu zilizobanwa, na juu yake mkasi wa kukatia nguo ili upepo usizipeperushe. Ni mkataba mpya. Meneja amempa Ijumaa jioni kama kifuta machozi: miaka miwili, badala ya ule wa miezi sita sita aliokuwa akiuhuisha kila mara. Anatakiwa kuurudisha Jumatatu.

"Soma kifungu cha nane," mkewe anasema huku mguu ukiendesha cherehani. "Mimi nimekisoma mara mbili nikapoteza hamu ya chai."

Kifungu cha nane kinasema mfanyakazi hatatoa nje neno lolote alilolisikia kwenye kikao cha faragha, wakati wowote, kwa mtu yeyote, na akifanya hivyo kazi imekwisha.

Ndipo Kimya anaeleza alichokataa kukieleza ukumbini. Kiwanja walikinunua miaka saba iliyopita, yeye na mkewe, kwa jasho la wote wawili. Wamejenga msingi na ukuta mmoja. Jumatano, mstari mwekundu ulipotokea kwenye pazia, alilitambua daraja. Akaitambua na njia ya kwenda kwenye chumvi.

"Niliona aibu baadaye, lakini siku ile sikuona," anasema. "Nilichowaza ni kimoja: niuze kabla mwingine hajajua. Sikuwaza huyo atakayenunua ni nani."

Atakayenunua anabisha hodi saa nne kasoro. Ni mkunga mstaafu, mama wa miaka sitini na kitu mwenye mkoba mweusi ameukumbatia kifuani, na nyuma yake dalali anayetabasamu kwa meno yote. Kimya anaposimama kumpokea, uso unambadilika. Anamfahamu. Ndiye aliyemzalisha mkewe mtoto wa mwisho, usiku ambao daktari hakutokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ni wewe. Dalali ananiambia fundi, fundi, sikujua fundi gani. Basi moyo umetulia. Nilikuwa naogopa matapeli."

Cherehani imenyamaza.

Dalali ameshatandaza karatasi. "Mama amekiona, amekipenda. Nusu bei ya jirani, atakosaje kukipenda? Fundi, saini hapa na hapa."

Kimya anashika kalamu. Anaitazama. Anaiweka chini.

"Mama, usinunue."

"Unasemaje wewe?" dalali anadakia.

"Maji yatafika pale. Nimeona ramani ya watu wa barafu. Haijakamilika, wenyewe wanasema bado msimu mmoja, huenda mstari ukasogea. Lakini nimeiona, na kiwanja changu kiko ndani."

Mkunga hashtuki wala hashukuru. Anakunja macho. "Nusu bei nimesema ndiyo, sasa umepata mwingine anayetoa zaidi, sivyo? Nimezalisha watu miaka thelathini na tano, najua mtu anayenificha kitu."

"Hakuna mwingine, mama. Wallahi."

"Kama unajua maji yanakuja, kwa nini ulikitangaza?"

Mkewe ndiye anayejibu, kwa sauti ya chini. "Alitaka kukuuzia, mama. Tulitaka. Sote wawili."

Dalali anakusanya karatasi zake, anasema anaharibiwa kazi, anatoka bila kuaga. Mkunga anabaki. Anaulegeza mkoba, anauweka magotini, na kuuliza lile swali ambalo mwenyeji wake hakulitarajia.

"Na wale waliojenga pale? Nimeziona nyumba jana. Kuna mwanamke ana mapacha anapandisha ukuta wa pili. Umewaambia?"

"Bado."

"Basi waambie. Mimi hata sijui kama nikuamini. Waambie wao nao waamue kama wanakuamini."

Akainuka, akaenda zake na mkoba wake. Mlangoni aligeuka akauliza kama mtoto yule wa usiku ule hajambo. Akaambiwa hajambo, yuko darasa la sita.

Nyumba za majirani ni kumi na moja. Tangu mkunga aondoke, Kimya amempigia simu mmoja wao, mwashi, akamwomba awakusanye wote kesho Jumapili saa tisa alasiri kwenye kiwanja chake, kando ya ule ukuta mmoja. Hakumwambia sababu. Mwashi alimuuliza kama ni ugomvi wa mipaka, na anasema watu wanakuja wakiwa wamejiandaa kugombana.

Kesho atawaeleza alichoona, hatua kwa hatua, na pia alichosema profesa, kwamba mstari haujakamilika. Hatawaambia wahame. Anataka tu yule mwenye mapacha ajue kabla hajapandisha kozi nyingine ya matofali.

Mwandishi alimuuliza kama anaelewa kwamba haya yakichapishwa, meneja atayasoma.

"Andika," alisema. "Juzi nilishukiwa kwa nisilofanya. Safari hii wasihangaike kutafuta nani."

Mkewe alisogeza mkasi, akaunyoosha mkataba kwa kiganja, akaurudishia mkasi juu yake. "Akiusaini leo, kesho anakuwa mwongo," alisema. "Akisubiri Jumatatu, hawatampa kalamu." Hakuwa anacheka, wala hakumwambia mumewe asiende. Alisema tu atakwenda naye, na kwamba sare za watu zitasubiri.

Kuhusu kazi nyingine, Kimya ana wazo la kukodisha spika kwenye shughuli za mitaani, kama kumbi zote tisa zitamfungia mlango. Vyombo hana. Ana hofu, na haifichi. Lakini ukimuuliza anatumaini nini kuhusu kesho, hazungumzii kazi.

"Nimewatazama wasikilizaji miaka kumi na tisa kutoka nyuma ya kioo," anasema. "Anayeitikia kwa kichwa tu, huyo hajasikia. Aliyesikia anauliza, anabisha, anakasirika. Natumaini kesho watanibishia mpaka jua lizame."